Namkumbuka Askofu Kivengere

Leo nimeamka namuwaza Askofu Festo Kivengere jamani, yule askofu wa Anglikana wa Kigezi, Uganda. Alifariki 1988 lakini mzee wangu alikuwa anamuongelea kama mtu aliyemuona jana, sauti yake, anavyocheka akihubiri, anavyotoka kwenye Kiingereza anaingia Kiswahili bila kukwama.

Mi kilichonishika ni ile ya 1977. Askofu mkuu wao Janani Luwum ameuawa Februari na utawala wa Idi Amin, Kivengere anaambiwa anayefuata ni wewe, basi usiku huohuo yeye na mkewe Mera wakaondoka Kigezi, gari likafika mwisho wa njia wakapanda milima kwa miguu mpaka Rwanda. Halafu huko uhamishoni mtu huyuhuyu akaandika kitabu kwamba anampenda Idi Amin! Nilivyosikia mara ya kwanza nilikasirika kabisa, nikamwambia mzee hiyo haiwezekani. Akanijibu alimsamehe kwanza ndo akaweza kulala.

Mwaka jana kuna ndugu alinidhulumu, nimebeba hasira miezi na miezi, nikamkumbuka Kivengere na ile milima. Juzi nimempigia huyo ndugu. Tumeongea dakika kumi hivi, mwishoni wote tulikuwa tunalia.