Wakili aliacha shauri langu likafutwa, nikalirudisha

Ukiharibiwa kesi na wakili, okoa kesi kwanza. Ugomvi na wakili utausubirisha. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu kila niliyemwomba ushauri hapa Dodoma aliniambia kinyume: kamshtaki, kamwone mkubwa fulani, nenda kamfanyie fujo ofisini kwake. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza amri ya kufuta shauri imetoka tarehe ngapi.

Mimi ni mjane, nauza mafuta ya alizeti soko la Majengo. Kiwanja tunachogombania kiko Nkuhungu. Marehemu mume wangu alikipata enzi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyokuwa ikigawa viwanja, na jirani amejenga ukuta mpaka ndani yake. Nilifungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kupitia wakili ambaye kwa awamu alishachukua kama milioni moja na ushee. Kila nikimpigia, jibu lilikuwa "Tulia mama, mambo yanakwenda." Nilipotaka kwenda barazani mwenyewe alinizuia, akasema kazi ya kuhudhuria ni yake.

Nilishtuka siku fundi wa jirani aliponiambia sokoni kwamba kesi imeisha na wao wanapandisha ghorofa. Nikaenda masjala na namba ya shauri. Mdaawa, yaani mhusika wa shauri, ana haki ya kuliona jalada lake, na unaomba kwa barua nakala ya mwenendo, yaani kumbukumbu za kila kikao, na ya amri. Gharama yake ni ndogo. Nikasoma mwenyewe, maana tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama na mabaraza. Kila tarehe imeandikwa "Akidi", yaani waliohudhuria, halafu: mwombaji hayupo, wakili wake hayupo, mjibu maombi yupo. Ukurasa wa mwisho: shauri limefutwa kwa kutohudhuria.

Ukifutiwa hivyo barazani, una siku 30 za kuomba amri itenguliwe. Zangu zilikuwa zimeshapita.

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana hiki ndicho kilichoniokoa. Sikumpigia wakili simu kumgombeza. Simu ya maneno haiachi kitu. Nikiwa na nakala ya amri kwenye mkoba, nilimtumia ujumbe mfupi kwa upole kabisa: "Habari za leo Mheshimiwa. Naomba kujua shauri letu limefikia wapi na tarehe ijayo ni lini." Akajibu jioni ile ile: "Tulia mama, tumepangiwa mwezi ujao, Mwenyekiti yuko likizo." Shauri limefutwa na muhuri umegongwa, yeye ananipangia mwezi ujao! Nikamshukuru. Baada ya siku chache nikamwuliza tena kama nijiandae na mashahidi. Akasema nisubiri, atanijulisha. Nikamshukuru tena. Meseji za nyuma zote nilikuwa nazo, sikuwahi kufuta hata moja.

Hapo katikati nilimsikiliza shemeji yangu, akanipeleka kwa kiongozi mmoja wa serikali. Tulikaa kwenye benchi, tukaambiwa tuandike barua, tukarudi, na mwisho tukajibiwa kwamba serikali haiingilii shauri lililo barazani. Jibu ni sahihi kabisa, ila zile siku zilikwenda.

Wakili wa pili ni binti mdogo. Kabla ya kumpa hata shilingi nililitafuta jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, nikaona leseni yake iko hai. Akanieleza ukweli mchungu: "Mama, uzembe wa wakili peke yake si sababu. Mahakama ya Rufani imeshasema hivyo mara nyingi. Tunachotakiwa kuonyesha ni kwamba wewe ulifuatilia ukadanganywa, na kila siku iliyochelewa ina maelezo yake."

Kila siku! Tukakaa na kalenda. Siku niliyopata nakala, nayo muhuri wa masjala upo. Siku za kutafuta wakili, ninayo risiti ya malipo ya ushauri. Zile za kwa kiongozi ndizo zilizotutesa, mpaka nikakumbuka nakala ya barua yetu iliyogongwa muhuri wa "imepokelewa". Ndiyo maana nawaambia, ukipeleka barua popote, rudi na nakala yenye muhuri. Meseji tulizichapisha steshenari, na kwenye hati ya kiapo nikaeleza kwamba simu ni yangu, laini ni yangu, na nani alizichapisha, kwa sababu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaangalia kama ushahidi wa namna hiyo unaaminika.

Tuliomba kuongezewa muda kwanza, halafu amri itenguliwe. Wakili wa jirani alipinga kwa hoja ile ile ya uzembe. Mwenyekiti wa baraza alisoma ile meseji ya "mwezi ujao" kwa sauti, akalinganisha na tarehe ya amri. Tukapewa muda, na baadaye shauri likarudishwa.

Yule wakili wa kwanza aligoma kunirudishia barua ya toleo, ile ya kugawiwa kiwanja, eti ananidai, nimalizie kwanza. Sikubishana naye. CDA ilipovunjwa mwaka 2017 majalada yalihamia halmashauri, ambayo sasa ndiyo Jiji, kwa hiyo niliomba nakala iliyothibitishwa huko. Ilichukua muda na nauli za kutosha, lakini nimeipata.

Baada ya shauri kurudi ndipo nikamgeukia. Lalamiko langu, pamoja na hati ya kiapo, mwenendo na meseji, nimelipeleka Kamati ya Mawakili, iliyoundwa na Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Hiyo inaweza kumwonya wakili, kumsimamisha au kumwondoa kwenye orodha. Haiwezi kukurudishia shauri lililofutwa, na hilo ndilo washauri wangu hawakulijua. Kama huna hela ya wakili wa pili, waulize wasaidizi wa kisheria, wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Lalamiko bado linasubiri kusikilizwa. Barazani tumeanza ushahidi, na mimi nahudhuria kila tarehe, nikitoka naandika nani alikuwepo na tumepangiwa lini. Jirani amesimamisha ghorofa.