Kutoka Kendu Bay hadi kwa Mama Sarah, Kogelo

Ukishagongewa muhuri Isebania, mpakani mwa Tanzania na Kenya, matatu za Migori hazikupi nafasi ya kupumua. Utingo alikuwa ameshanyakua begi langu kabla sijamaliza kubadilisha hela. "Kisumu, mama? Kisumu moja imebaki!" Nikamwambia nitashuka Rongo, nishike njia ya Homa Bay. Akacheka. "Hiyo ni kuzunguka, mama."

Ni kuzunguka kweli. Wengi wanaokwenda Kogelo hushuka uwanja wa ndege wa Kisumu, wakakodi gari, wakapiga picha yao, na jioni wamesharudi mjini kula samaki. Mimi nilitaka kuanzia Kendu Bay, kwenye mwambao wa kusini wa ghuba ya Winam, Ziwa Viktoria, kwa sababu familia iliyokwenda kuishi Kogelo ilitokea huku. Na niliyemfuata si yule mjukuu, Barack Obama, aliyekuwa rais wa Marekani. Nilimfuata bibi, Sarah Onyango Obama, aliyezaliwa mwaka 1922 na ambaye dunia ilianza kumjua alipokuwa ameshapita miaka themanini. Mpaka hapo alikuwa ameshalea watoto wake, wa mke mwenziwe na wa majirani, bila kamera hata moja uani.

Kendu Bay ni mji mdogo wa samaki, jua na pikipiki. Kijana aliyenibeba alisisitiza nisiondoke bila kuona Simbi Nyaima, ziwa dogo la mviringo lenye maji ya kijani na magadi, ambako heroe hutua kwa makundi. Nilikubali shingo upande, nikijua ni njia yake ya kuongeza nauli, lakini sikujuta. Tuliposimama ukingoni akanisimulia kisa ambacho kila mtoto wa huku anakijua. Usiku wa mvua alifika bibi kizee kijijini akiomba chakula na mahali pa kulala. Watu walikuwa kwenye sherehe, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemwonea huruma. Bibi akamwambia achukue watu wake waondoke usiku uleule, na walipokwisha kuondoka, kijiji kizima kikadidimia, maji yakafunika. "Ndiyo maana huku bibi akibisha hodi, unafungua," kijana akasema, na papo hapo akanitajia bei ya safari ya kurudi stendi.

Katika eneo hilihili la Karachuonyo ndiko alikokuwa na mji wake Hussein Onyango Obama, mpishi aliyewapikia Wazungu. Inasimuliwa kwamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza alikaa Unguja na huko akasilimu. Kwa hiyo hata sisi wa upande wa pili wa mpaka tuna kipande chetu katika habari hii. Sarah alikuwa mke wake wa tatu. Onyango alipoamua kuhamia Alego, eneo iliko Kogelo, upande wa pili wa ghuba, mke aliyemtangulia Sarah, Habiba Akumu, hakudumu kwenye ndoa ile. Aliondoka, watoto wakabaki. Mmoja wao alikuwa mvulana aliyekuwa akisoma shule ya Gendia, hapo karibu na Kendu Bay. Jina lake Barack, ambaye baadaye alikuja kuwa baba wa rais.

Nimewahi kusikia watu wakibishana kama Mama Sarah ni bibi "halisi" wa rais au wa kambo. Ubishi wa watu wasio na kazi. Mtoto wa mke mwenzio ukimlisha, ukamwogesha, ukampeleka shule mpaka akawa mtu mzima, nani tena wa kuja kukuuliza cheti? Mjukuu mwenyewe hakuwa na shaka. Alipofariki bibi, aliandika kwamba ingawa hakumzaa baba yake, alimlea kama wa kwake, na kwamba upendo na msukumo wake ni sehemu ya sababu ya kijana yule kufaulu shuleni hadi akapata nafasi ya kusoma Marekani.

Kutoka Kendu Bay nilipita Katito, nikafika Kisumu giza limeingia. Kisumu sina la kusema zaidi ya kwamba nililala na mbu wengi. Asubuhi nikapanda matatu ya Siaya. Maseno, mahali ikweta inapokata barabara, abiria wawili waligeuka kutazama alama yake. Wengine walikuwa wamelala. Mimi niliangalia upande wa shule ya Maseno, kwa kuwa yule mvulana alisoma pale pia, miaka ya mwanzo ya hamsini, kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1959. Ukikaa dirishani kutoka Kendu Bay hadi Siaya, unapita madarasa yake yote, ila unayapita bila mpangilio. La katikati, lililokuwa gumu zaidi kufikiwa, liko Ng'iya.

Siaya sokoni nilikunywa uji wa wimbi uliokamuliwa ndimu, kikombe cha plastiki kimejaa hadi ukingoni. Mama muuzaji alinichunguza. "Kiswahili yako ni ile ya Tanzania. Unaenda wapi?" Nikamwambia kwa Mama Sarah. "Aah, kwa Dani," akajibu, yaani kwa bibi kwa Kijaluo, akaniongezea uji kidogo bila kuniuliza. Ulipofika wakati wa kulipa, nyongeza ile hakuihesabu.

Barabara ya kuingia Kogelo ni ya lami siku hizi. Haikuwa hivyo. Umeme nao ulifika kwa Mama Sarah siku chache tu baada ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2008, ule ambao Rais Kibaki aliutangazia Wakenya siku ya mapumziko. Kijiji kilichosubiri nguzo za umeme miaka nenda rudi kilizipata kwa kura zilizopigwa ng'ambo. Dereva wa bodaboda alinipitisha mbele ya shule zilizopewa jina la Seneta Obama, la tangu kabla hajawa rais, na mbele ya kituo cha Sauti Kuu cha dada yake, Auma, ambacho Barack mwenyewe alikuja kukifungua Julai 2018. Nilimwambia tuendelee. Kituo ni kizuri, lakini hakikuwa safari yangu.

Nyumbani kwa Mama Sarah kuna uzio, geti na mlinzi. Hapo ndipo niliposimama muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Mji wa Mjaluo wa kijijini hauna geti la chuma. Una ua wa michongoma na mwanya wa kuingilia, na mgeni hupiga hodi akiwa ameshafika katikati ya uwanja. Uzio na polisi vilikuja pamoja na umaarufu. Mama mwenyewe aliendelea kupokea watu kwenye viti chini ya miti, wanafunzi kwa mabasi, Wazungu kwa magari, na majirani waliokuja kwa shida zao. Nilijiuliza jirani yule asiye na gari alijisikiaje mara ya kwanza alipotakiwa kuandika jina lake daftarini ili amwone mtu aliyekuwa akimwomba chumvi.

Mlinzi aliniandikisha, akanionyesha makaburi. La Hussein Onyango, na la Barack mkubwa, limesakafiwa kwa vigae. Huyu alifariki kwa ajali ya gari Nairobi mwaka 1982. Mama Sarah alizikwa hapahapa Machi 30, 2021, siku moja tu baada ya kufariki katika hospitali ya rufaa Kisumu, kwa taratibu za Kiislamu. Alikuwa na miaka 99. Niliomba dua yangu fupi, nikasogea kivulini.

Kazi aliyoiacha haina jengo la kupiga picha. Kwa miongo kadhaa alisaidia yatima, baadhi yao akiwalea ndani ya nyumba yake. Hii ni Siaya, mojawapo ya kaunti zilizoumizwa sana na Ukimwi, na kwa miaka mingi jembe la kuinua watoto waliobaki lilishikwa na mabibi. Baadaye jitihada zake zikapata jina, Wakfu wa Mama Sarah Obama, lakini orodha ya mambo yenyewe ni ya mama yeyote Januari shule zinapofunguliwa: chakula, sare, madaftari, dawa, karo. Nilipenda hivyo. Angeweza kuomba mnara. Aliomba sare.

Kwa nini shule kuliko kitu kingine chochote? Alilieleza mwenyewe mwaka 2014 alipokwenda New York, akiwa na miaka 92, kupokea tuzo ya elimu katika Siku ya kwanza ya Wanawake Wajasiriamali. Yeye hakusoma. Barua zilikuwa zinakuja nyumbani na hawezi kuzisoma. Hakutaka mtoto wake yeyote awe hivyo. Fikiria mwaka 1960 hivi, kijana wako yuko Hawaii, bahasha imefika na stempu ya ng'ambo, wewe umeishika mkononi unatafuta jirani wa kukusomea mambo ya nyumba yako. Mwanamke wa namna hiyo humwambii kwamba karo inaweza kusubiri.

Na katika safari hiyo hiyo ya New York akasema jambo lililonileta huku. Kwamba alikuwa akimpakia Barack mkubwa nyuma ya baiskeli kila siku, kutoka Kogelo hadi shuleni Ng'iya, kilomita zipatazo tisa.

Watu husoma sentensi hiyo wakapita. Mimi nilitaka kujua uzito wake. Kwa hiyo nilipotoka getini nilimwambia mwenye bodaboda atangulie na begi langu, nikamtafuta kijana wa baiskeli. Alikuwepo mmoja pale senta, na baiskeli nyeusi ile nzito, keria imefungwa sponji juu. Akaniuliza mara mbili kama kweli sitaki pikipiki. Nikakaa upande, kanga nimeibana chini ya mapaja, tukaondoka.

Mteremko ulikuwa raha. Mlimani hali ilibadilika. Kwanza niliona shingo yake ikianza kumeta, halafu shati likagandamana na mgongo, halafu mnyororo ukaanza kulia kwa kila mzunguko wa pedali. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, barabara ni ya lami, jua halijakolea. Nikashuka tukatembea, yeye akisukuma. Nikamweleza habari ya Mama Sarah na yule mtoto. Alikuwa ameisikia, lakini hakuwahi kuipigia hesabu.

"Wakati huo hakukuwa na lami," akasema.

"Hakukuwa."

"Na akifika Ng'iya, anarudi tena? Peke yake? Halafu anaenda shamba?"

"Shamba, maji, kuni, jikoni. Na mume alikuwa mkali."

Akanyamaza hadi tulipomaliza mlima, nikapanda tena. Tulipoingia Ng'iya wanafunzi walikuwa wanatoka kwa chakula cha mchana, na mwenye bodaboda ananisubiri chini ya mti, begi langu miguuni, anatucheka waziwazi. Nilitoa nauli tuliyopatana. Kijana wa baiskeli aliipokea, akaihesabu, kisha akanyoosha tena mkono.

"Mama, ongeza. Yeye alikuwa anabeba mtoto. Mimi nimebeba mtu mzima."

Nikaongeza.