Maboksi ya Trump na daftari la masjala

Barazani kwetu Kibokoni, Mombasa, ikitajwa kesi ya Trump ya kubaki na nyaraka za siri za serikali baada ya kuondoka madarakani, watu hucheka ile picha ya Mar-a-Lago, nyumbani kwake Florida: maboksi yamerundikwa msalani, juu yake thurea inaning'inia. Mimi nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali hapa mjini hadi kustaafu, na langu ni moja tu: nani aligundua kuwa makaratasi hayapo?

Si FBI. Ni watunza kumbukumbu. Mei 2021 Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani iliwaandikia mawakili wa Trump ikiulizia, pamoja na mengine, barua zake na Kim Jong-un. Wakauliza tena na tena hadi Januari 2022, yakarudi maboksi 15, ndani mna nyaraka 197 zenye alama za siri. Upekuzi wa FBI nyumbani kwake, Agosti, ulikuja baadaye. Makarani wenzangu hao!

Ofisini kwetu faili haikutoka bila saini daftarini. Wakubwa saini hawakuipenda. Humtuma tarishi: “Mwambie yule mzee anipe, kesho nairudisha.” Tarishi anatia saini, faili inalala nyumbani kwa bosi, na ikipotea anayeandikishwa maelezo ni tarishi. Nimeyaona hayo hadi nikachoka.

Rafiki yangu mmoja hung'ang'ania kwamba Biden naye ni yule yule, kwani nyaraka za siri zilikutwa pia gereji kwake Wilmington, karibu na gari lake la Corvette. Simkubalii. Mawakili wa Biden walizipata wakatoa taarifa wenyewe. Trump alishtakiwa pia kwa kuzuia uchunguzi. (Kesi yenyewe Jaji Aileen Cannon aliifuta Julai 2024, akisema uteuzi wa mwendesha mashtaka, Jack Smith, haukuwa halali.) Kusahau faili na kuificha si kosa moja, hata daftari letu lingekwambia.

Kwetu muhuri wa siri umeniudhi kwa njia nyingine. Mikataba ya SGR, reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi inayopita hapo Miritini, tulinyimwa miaka na miaka. Wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo wakaenda Mahakama Kuu hapa Mombasa, na Mei 2022 jaji akaamuru itolewe. Novemba Murkomen, waziri wa uchukuzi wakati huo, akatoa sehemu yake. Sehemu! Hizo nyingine ziko kabati gani, na nani alitia saini kuzichukua?