Sistikola wa Mto Tana: kumtafuta ndege ambaye hakuna anayeijua sauti yake

Tulipofika: vinasa sauti 6 viko tayari, kadi zimepimwa, na mazoezi ya masikio hapa Nairobi yamefika nusu. Safari ya Garsen, bonde la chini la Mto Tana, inangoja mvua za vuli. Sistikola huimba na kujenga viota mvua ikishanyesha. Kiangazi unaweza kupita kando ya kichaka chake usisikie hata mlio mmoja.

Tunayemtafuta ni Cisticola restrictus. Melvin Traylor, wa jumba la makumbusho la Field kule Chicago, alimtangaza kuwa spishi mwaka 1967 kutokana na ngozi chache (ndege waliokaushwa na kuhifadhiwa) zilizokusanywa bonde la chini la Mto Tana. Tangu miaka ya 1970 hakuna ushahidi mpya. Wapo wanaohofia ametoweka. Wapo pia wanaosema hakuwahi kuwa spishi, kwamba zile ngozi ni za machotara wa sistikola wawili wa kawaida, chiniana na cinereolus. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, imemweka kwenye kundi la wasio na taarifa za kutosha. Kwa maoni yetu, ubishi huu hautaisha kwa manyoya peke yake. Sistikola karibu wote ni videge vya kahawia vyenye michirizi, na hata mabingwa huwatenganisha kwa wimbo kwanza, rangi baadaye.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Wimbo wake haujarekodiwa, kwa hiyo hatuna sauti ya kumpigia kwenye spika ili aitikie. Njia za wengine pia hazitufai. Mwaka 2022, kamera za mtegoni zilimnasa njiwa mkubwa wa ardhini katika kisiwa cha Fergusson, Papua New Guinea, ambaye wanasayansi hawakuwa na habari zake tangu 1882. Kamera hizo zilifaa kwa sababu njiwa yule hutembea chini, na wawindaji wa pale walijua anakopita. Kidege cha sentimita kumi na kitu kinachoruka kichakani hakinaswi hivyo. Tunafanya kinyume: kuwajua majirani zake wote mpaka wimbo usio wa yeyote kati yao ujitenge wenyewe.

Vifaa. Tunatumia vinasa sauti vidogo viitwavyo AudioMoth, kila kimoja kikiwa na betri 3 za AA na kadi ya GB 32. Tumeviweka kwenye sampuli 32,000 kwa sekunde, vinavyonasa hadi kHz 16 (kilohezi, kipimo cha wembamba wa sauti), na nyimbo nyingi za sistikola ziko kati ya kHz 2 na 8. Saa moja ya kurekodi inakula takriban MB 230. Ratiba yetu ni kurekodi kwa muda wa saa nne kila asubuhi na saa mbili kila jioni, yaani GB 1.4 kwa siku, hivyo siku 10 ni GB 14. Kupandisha sampuli zaidi ya hapo ni kujaza kadi na kumaliza betri bure.

Kadi 2 kati ya 8 tulizonunua mjini zilikuwa bandia: zimeandikwa GB 32, lakini zikipita GB 8 zinaandika juu ya faili za zamani bila kutoa onyo. Ukitazama kwenye kompyuta huoni kasoro. Jaza kadi yote kwa programu ya H2testw au F3, kisha uisomeshe tena kabla ya kuiamini. Ni kazi ya saa nzima kwa kadi moja, na haina njia ya mkato.

Saa nayo imetusumbua. Kifaa kinaandika jina la faili kwa saa za UTC (saa za kimataifa, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu), hivyo 030000 ni alfajiri yetu, saa kumi na mbili. Msikilizaji mmoja aliisoma kama saa tatu asubuhi, na jedwali zima la muda likaharibika. Sasa tumeweka saa za Afrika Mashariki ndani ya programu ya mipangilio, na jedwali linaandikwa kwa tarakimu za saa 24 pekee. Ukitoa betri, saa inapotea. Lazima uiweke upya kabla ya kufunga kifaa mtini.

Mfuko wa plastiki wa kuzuia mvua usiachwe ulegee. Upepo ukivuma unapigapiga maikrofoni, na kwenye spektrogramu (mchoro wa sauti) unaona ukuta mweusi kuanzia chini hadi kHz 4, unaofunika wimbo unaoutaka. Ukaze kwa raba mbili na utie pakiti moja ya silika ya kunyonya unyevu. Funga kifaa mita 1.5 hadi 2 kutoka ardhini, kwa waya. Kamba ya katani mbuzi wanaitafuna.

Mazoezi ya masikio. Vichaka vya migunga vya mbuga ya Nairobi vimejaa chiniana: noti mbili tatu za kukwaruza, kisha mtetemo wa haraka. Kila msikilizaji anatakiwa kupata rekodi 50 za dume tofauti, kwa sababu dume mmoja ana nyimbo kadhaa na mgeni hudhani amepata ndege mpya. Cinereolus, mwenye mluzi mwembamba na safi, tunamfuata kwenye nyika kavu za Kajiado. Haematocephalus, sistikola mwingine wa pwani, bado hatuna rekodi zake za kutosha, na huyo ndiye pengo kubwa la mradi kwa sasa, maana tutamkuta kulekule.

Uchambuzi tunaanza na BirdNET, programu ya kutambua ndege kwa sauti, inayokata sauti vipande vya sekunde 3. Programu haiwezi kutaja ndege ambaye haikufunzwa kumtambua; itamlazimisha jina la jirani, kwa alama ndogo ya uhakika (alama ni kati ya 0 na 1). Kwa hiyo tunashusha kizingiti hadi 0.1, tunatoa vipande vyote vilivyopewa jina la sistikola yeyote, kisha tunavitazama kwa macho. Tunavyovitaka zaidi ni vile vyenye alama ndogo lakini wimbo wenyewe ni wazi, wa karibu, usio na kelele.

Yaliyosalia ni kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori, na kuonana na machifu na wazee kabla ya kufunga chochote. Kinasa hunasa pia mazungumzo, kwa hiyo hakiwekwi karibu na njia, kisima wala boma, na kila kimoja kitabandikwa karatasi: «Kifaa cha kusikiliza ndege. Hakipigi picha.» Itaandikwa kwa Kiswahili, Kipokomo na Kiorma.

Tutakachokubali kama ushahidi: wimbo usiolingana na jirani yeyote, uliorekodiwa kwa dume yuleyule siku mbili tofauti, pamoja na picha zake za utosi, mgongo na mkia. Wimbo uliochanganya noti za chiniana na cinereolus utaandikwa hivyo hivyo, kwa upande wa hoja ya uchotara. Siku ambazo hatukusikia kitu nazo zitaingia kwenye jedwali, zikiwa na saa na mahali.

Juma lijalo: rekodi 20 za chiniana, na kununua kadi 2 za kufidia zile bandia.