Jana nimeiona Carabo kwa macho yangu

Jamani, jana nimefika makumbusho ya kampuni ya magari ya Alfa Romeo pale Arese, nje kidogo ya jiji la Milan. Nilisimama mbele ya Carabo, gari lao la maonyesho, mpaka mke wangu akanishika mkono tuondoke. Gari la mwaka 1968! Limechongwa kama kabari: pua imelala chini, kioo cha mbele kinaendeleza mstari uleule hadi juu ya paa, na kimo chake hakifiki hata mita moja. Rangi ni kijani inayometameta kama mgongo wa mbawakawa, na jina lake limetokana na mdudu huyohuyo.

Lililonigusa zaidi ni milango. Haifunguki pembeni, inanyanyuka juu. Marcello Gandini, aliyelichora akiwa Bertone, kampuni ya kubuni maumbo ya magari, miaka mitatu baadaye aliipeleka milango hiyo kwenye Lamborghini Countach.

Tangu utotoni nachora magari, na siku zote nilianza na mviringo. Magari mengi ya miaka ile yalikuwa ya mviringo pia. Gandini alishika rula. Usiku nimechora kurasa nne, zote mistari mitupu.