Redio ya Toyota Fielder, na plagi iliyokatwa nikinywa kahawa

Nunua gari lililotoka Japani hapa Mombasa uone: ushauri wa redio utaletewa na kila mtu isipokuwa anayejua. Wa kwanza kuniletea mimi alikuwa jirani. "Usihangaike, ami, weka ekspanda tu." Nikaweka.

Redio za FM za Kijapani huanza 76 na nyingi zinakomea 90, ilhali stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Ekspanda ni kijidude kinachokaa baina ya waya wa eriali na redio, kazi yake kuzishusha stesheni ziingie humo. Changu kilikuwa cha kushusha 15, basi Baraka FM ya 95.5 nikawa naipata kwenye 80.5, na Pwani FM ya 103.1 naitafuta 88.1. Nilikuwa natembea na hesabu kichwani kama karani. Radio Salaam ya 90.7? Ilishuka hadi 75.7, nje ya mlango. Na hata ukibadilisha kijidude, nafasi yetu ya 20 haitoshi kwenye 14 ya Kijapani, lazima kitu kibaki nje. Jirani hilo hakulisema.

Kilichonimaliza si hicho. Nilibadilisha betri, redio ikajifunga, ikadai namba ya siri kwa Kijapani. Basi.

Redio ya skrini nilinunua mjini, alfu kumi na kitu baada ya kuvutana sana. Hapa angalieni upana. Nafasi ya redio kwenye Toyota ni milimita 200, na redio za kawaida ni 180 hivi. Muuzaji wa kwanza aliniambia "itaingia tu", na kweli itaingia, na pembeni utabaki na pengo la kidole kila upande. Mwenzangu mmoja pengo lake kaziba kwa silikoni nyeupe. Mwulize muuzaji redio ya saizi ya Toyota, zipo. Tena nunua na plagi za kuunganishia, ile ya pini 10 na ile ya pini 6, zinazoingia kwenye plagi za gari bila kukata chochote. Ni mia chache tu.

Mimi nilinunua. Nikampa fundi mkononi, nikamwambia zitumie hizi, usikate. Nikavuka barabara kunywa kahawa na kashata. Kurudi, plagi za kiwandani ziko chini kwenye vumbi, zimekatwa, na dashibodi imetoa mawaya kama pweza. Zile nilizonunua bado ziko ndani ya karatasi yake. "Hivi ndivyo inavyoshika vizuri, boss."

Redio iliwaka, ndiyo. Asubuhi gari halikuwaka. Nampigia simu, ananijibu bila haya, "Betri yako hiyo mbovu." Betri ambayo haikuwa hata imeshika vumbi! Nilipofungua nikaona mwenyewe: waya wa manjano na mwekundu wa redio, fundi kazipota pamoja kwenye moto wa moja kwa moja, yaani umeme usiokatika. Wa manjano ndio unaotakiwa kuwa na moto muda wote, unatunza stesheni na saa. Mwekundu upate moto ufunguo ukigeuzwa tu. Ukiziunga pamoja redio hailali, inakunywa betri usiku kucha.

Nikaamua namaliza mwenyewe. Plagi zilezile zilizokatwa nilikuwa nimeziokota ili nizirudishe, fundi alicheka, acha acheke. Nyaya za moto nilizipata kwa mita ya umeme: mmoja una volti 12 daima, mmoja unaamka na ufunguo, mmoja unaamka ukiwasha taa ndogo. Huo wa taa uungeni na ule wa redio wa rangi ya chungwa, watu wengi hawaujali. Bila huo, usiku skrini inakuwakia usoni, na ukiwa kwenye foleni ya feri Likoni hata walio nyuma wanajua unasikiliza nini.

Spika ndizo zilizonipa raha. Nyaya nane, na yule bwana alikuwa ameshazichanganya. Nikachukua betri ndogo ya rimoti, ya volti 1.5. Unagusisha nyaya mbili kwenye ncha zake, mara moja tu, unaachia. Ukipata jozi yenyewe, spika inapiga "tap!" Nilimweka kijana wangu ndani ya gari aniitie: "Mbele kushoto, baba!" "Kimya!" "Nyuma kulia!" Kisha ukaifungua gridi ya mlango uitazame spika: ikisukuma nje, basi waya ulio kwenye chanya ya betri ndio chanya ya spika. Ikivuta ndani, geuza. Kwa fundi spika mbili zilikuwa zimegeuzwa, ndiyo maana besi ilikuwa haipo na yeye ananiambia ninunue amplifaya. Chanya na hasi zilipokaa sawa, kijana alidhani nimebadilisha spika.

Na msiunge hasi ya spika kwenye bodi ya gari, hata kama mzee fulani anakwambia zamani walifanya hivyo. Redio za sasa utaziunguza.

Viungo vyote nikalehemu kwa risasi, nikavalisha mpira ule unaobana ukipata moto. Tepu nyeusi kwa joto letu gundi inayeyuka ikawa ujiuji, na hewa hii ya chumvi inakula shaba iliyopotwa tu mpaka inageuka kijani.

Kamera ya nyuma ilikuja na redio, bado iko kwenye boksi. Waya wake unatakiwa ufike mpaka taa ya rivasi, na kwa jua hili la Februari mimi siingii kwenye buti kujikunja.