Kanga Doti Mbili

Ijumaa, usiku.

Khatibu wetu leo alikuwa na mafua, umeme umekatika, na feni zote za msikiti zimelala. Tulijipepea kwa kofia. Wenye maduka walikuwa wanatupia jicho saa ya ukutani, maana Kariakoo Ijumaa mchana mtu anakuwa ameacha duka kwa kijana, na kijana mwenyewe ndiyo hivyo. Ilikuwa khutba ya kusinzia kabisa, mpaka alipofika kwenye kisa cha yule Mkibti wa Misri.

Kisa wengi mnakijua. Sayyidna Umar ni khalifa, yuko Madina. Amr bin al-As ni gavana wake Misri. Mwana wa gavana akashindana mbio na Mkibti mmoja, Mkristo wa nchi ile, akashindwa. Akachukua mjeledi akamchapa, huku anamwambia: mimi ni mwana wa watukufu! Yule Mkibti hakwenda kushtaki kwa gavana, angeanzaje? Alifunga safari mpaka Madina. Umar akawaita wote wawili, baba na mwana, akampa Mkibti mjeledi: haya, mchape huyo mwana wa watukufu. Kisha akamgeukia Amr kwa neno ambalo khatibu, na mafua yake, alilirudia mara tatu: tangu lini mmewafanya watu watumwa, ilhali mama zao wamewazaa huru?

Wataalamu wa hadithi wana maneno yao kuhusu isnadi ya kisa hiki, yaani mlolongo wa waliokipokea na kukisimulia, na sina elimu ya kuwaingilia. Mimi kimenishika kwa sababu nyingine. Tangu madrasa, nikikisikia, huwa najiweka upande wa Mkibti. Sote tunafanya hivyo. Hakuna anayekwenda msikitini akajiona ni yeye mwenye mjeledi. Leo, pale pale juu ya mkeka, macho yangu yakamwangukia yule kijana mwingine, mtoto wa mkubwa, anayedhani mbio ni haki yake kwa sababu ya baba. Nikaona ninamjua.

Baada ya swala sikurudi dukani. Nilipanda daladala la Mbagala kwenda kwa shangazi.

Foleni ya Barabara ya Kilwa inampa mtu nafasi ya kufikiri hata kama hataki. Pale Mtoni kwa Azizi Ali tulisimama muda wa kutosha konda kushuka, kununua muwa, kuutafuna na kurudi. Nilikuwa najiuliza swali ambalo nimelikimbia miaka mingi. Mimi ni mmoja wa wale wanaopenda kusema Uislamu ulimkomboa mwanadamu. Nimelisema kwenye vijiwe, nimelisema kwenye harusi, nimeshawahi kubishana nalo ndani ya daladala kama hilo hilo. Lakini bibi mzaa babu yangu aliletwa Bagamoyo kwa miguu kutoka Manyema, huko mashariki ya Kongo, msichana mdogo, akauzwa. Waliomnunua walikuwa wanasali swala tano.

Kwetu jambo hili halitajwi. Shangazi peke yake ndiye analitaja, tena kwa sauti ya kawaida, kama anavyotaja bei ya nyanya. Wengine wote tunasema "asili yetu Manyema" tunanyamaza hapo, na Kariakoo hiyo hiyo ina Msikiti wa Manyema, kwa hiyo neno linapita bila maswali.

Niliposoma mwenyewe ukubwani, nilichokikuta kilinichanganya zaidi. Sura ya Al-Balad inauliza ile njia ya mlimani ni ipi, na jibu la kwanza ni kumwacha huru mtumwa. Katika mafungu manane ya zaka, moja limetengwa kwa ajili yao. Ukivunja kiapo, kumwacha mtumwa huru ni mojawapo ya kafara. Mtumwa akitaka kujikomboa kwa mkataba, An-Nur inasema waandikieni, tena wapeni katika mali aliyokupeni Mwenyezi Mungu. Milango imejaa kila upande wa nyumba. Na pwani yetu watu walikaa barazani mwa nyumba hiyo hiyo wakauza watu, mpaka soko la Zanzibar likafungwa mwaka 1873, tena si kwa aya bali kwa mkataba uliosukumwa na Waingereza wenye manowari. Huku bara Wajerumani waliamuru mwaka 1904 kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905 ni huru. Sheria ikaufuta utumwa wenyewe mwaka 1922, chini ya Mwingereza. Mtu asiniambie haikuwezekana kwa zama zile. Ahmad Bey wa Tunis, mtawala Mwislamu, aliupiga marufuku mwaka 1846, miaka miwili kabla Ufaransa haijaufuta kwenye makoloni yake. Iliwezekana. Ndiyo maana inauma.

Sasa, hapa ndipo ninapokwama, na labda ndipo imani yangu ilipo. Bibi yule hakuitupa dini ya waliomnunua. Aliishika kuliko wao. Na hakuwa peke yake. Bagamoyo kulikuwa na mtoto mwingine wa Manyema, aliletwa mtumwa vile vile, akakulia katika nyumba ya liwali, mwakilishi wa sultani. Akasoma. Akaendelea kusoma. Huyo ndiye Sheikh Yahya bin Abdallah, Sheikh Ramiya, aliyekuja kuwa khalifa, yaani kiongozi, wa tarika ya kisufi ya Qadiriyya Bagamoyo, na mpaka anafariki mwaka 1931 watu walikuwa wanasafiri kwenda kwake kwa maulidi na dhikri. Mtumwa wa jana anakaa mbele, watoto wa waungwana wanakaa chini wanasikiliza. Mwanawe, Sheikh Muhammad, baadaye alikuwa na TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika. Nikiulizwa ni wapi pwani hii Uislamu ulimpa mtu uhuru, siwezi kuonyesha jumba la sultani. Nitaonyesha duara la dhikri.

Waliokuwa juu walikisoma kitabu wakaona ruhusa. Waliokuwa chini walikisoma kitabu hicho hicho wakaona mlango.

Hata lugha imebeba alama hiyo. Leo "muungwana" ni mtu mwenye adabu, anayekupisha kwenye kiti. Zamani alikuwa ni yule asiye mtumwa, basi. Adabu ilikuwa mali ya waliozaliwa huru, wengine wote washenzi. Na "uhuru", neno lililopigiwa kelele Mnazi Mmoja na Jangwani, kabla halijawa la bendera lilikuwa la mtu mmoja mmoja: fulani kaachwa huru. Na "raia"! Neno hili tunalijaza kwenye fomu za serikali bila kulifikiria. Mtume (s.a.w.) alisema kila mmoja wenu ni mchunga, na kila mmoja ataulizwa kuhusu raia wake. Raia ni yule ambaye kwa ajili yake mtu mwingine ataulizwa. Mimi siasa yangu yote ya dini imeishia hapo. Sitaki dola inisukumie watu msikitini. Al-Baqara imeshasema hapana kulazimishana katika dini, na katiba yetu inasema nchi haina dini, nami nalala usingizi. Ninachotaka ni mkubwa anayeogopa kuulizwa. Abubakar, siku alipokabidhiwa, alianza kwa kusema nimewekwa juu yenu nami si mbora wenu, nikifanya vyema nisaidieni, nikipotoka ninyoosheni. Semeni ni mkutano gani wa kampeni mmesikia maneno hayo.

(Kampeni zimenikumbusha takrima, ukarimu wa kumkirimu mgeni. Neno zuri, la heshima, mpaka wagombea walipolitia pilau na fulana, sheria ikaibariki, na Mahakama Kuu ikaja kuvifuta vifungu hivyo mwaka 2006. Mtume alimtuma mtu kukusanya zaka, akarudi anasema hiki chenu, hiki nimezawadiwa. Akapanda mimbari akauliza: angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, angeletewa zawadi hiyo? Basi, narudi kwa shangazi.)

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Mbona leo? Kuna msiba?"

Mtu akija bila simu, kwake ni msiba. Nikamwambia hakuna. Alikuwa anapeta mchele, redio imewekwa juu ya kinu. Nikakaa kwenye kigoda. Mfukoni nilikuwa na karatasi.

Karatasi hii niliikuta kwenye sanduku la marehemu baba, miaka mitatu iliyopita, siku tulipokuwa tunagawa nguo zake. Ni hati ya mauziano ya nyumba ya babu, ile ya Kariakoo ya vyumba sita na ua, waliyoiuza 2004 walipokuja watu wa maghorofa. Shilingi milioni sitini na tatu. Baba alikuwa mkubwa, ndiye msimamizi wa mirathi, akakaa na wadogo zake wawili wakagawana. Warithi walikuwa wanne: wanaume watatu na shangazi. Bibi alikuwa ameshatangulia. Hesabu hii hata mtoto wa madrasa anaimaliza kwa vidole: mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja, jumla saba. Fungu la shangazi ni milioni tisa.

Alipewa laki tano na kanga doti mbili. "Mkono wa kaka zako," walimwambia, kana kwamba wanamtunza kwenye ngoma.

Kuna wanaobishana kwenye mitandao kama nusu ya mwanamke ni haki au si haki, na wanabishana kwa ukali sana. Ningependa waje wahesabu ni familia ngapi mjini humu zimempa hata hiyo nusu. Aya ya mirathi haikuachwa kwa hiari ya kaka. Imewekwa kwa namba, halafu ikafuatiwa na onyo kwa atakayevuka mipaka. Baba yangu aliihifadhi aya ile. Alikuwa mtu mwema, alisomesha watoto wa watu, alilia kwenye khutba. Nayaandika haya na mkono mzito.

Na fungu la baba, milioni kumi na nane na juu yake sehemu ya lile la shangazi, ndilo lililonilipia chuo. Ndilo lililolipa kilemba, ile pesa ya kuingilia, cha fremu ninayouzia vitenge mpaka leo. Basi mbio ilishakwisha zamani, na mimi ndiye niliyepewa ushindi.

Miaka mitatu karatasi imekaa kwenye droo. Nilijiambia tusimchafue maiti. Nilijiambia shangazi ameshasamehe, mbona anacheka? Lakini An-Nisaa haikuacha mwanya: simamisheni uadilifu, ijapokuwa ni dhidi ya nafsi zenu, au wazazi wawili, au jamaa. Wazazi wametajwa. Ningekuwa natafuta aya ya kumpiga nayo mbunge ningeziona kumi. Hii ilikuwa inanitazama mimi.

Nikampa. Akavaa miwani, akaisoma polepole, midomo inacheza. Alipofika kwenye kiasi akarudi juu akaanza upya.

"Walinambia ishirini," akasema.

Kumbe alidanganywa hata bei. Na hata kwa hiyo ishirini alishajua hakupewa chake, maana hesabu anaijua. Alinyamaza miaka yote ile kwa sababu kaka ni kaka, na angeshtaki wapi? Kwa msimamizi?

Nikamwambia sina milioni tisa, lakini lililo mkononi mwangu nitaanza kulilipa kila mwezi, tuandikiane. Hakunibariki wala hakulia. Aliniuliza nimekula. Kisha akaikunja karatasi, akaitia ndani ya mfuko wa plastiki ule anaowekea kitambulisho, akasema, "Baba yako mdogo mmoja yu hai. Mpigie, nisikie."

Nikampigia, simu ikiwa kwenye spika. Ikaita mpaka ikakatika. Shangazi akaendelea kupeta mchele. Nikapiga tena, hola.

Sasa ni saa nne usiku, niko nyumbani Ilala. Ametuma ujumbe: "Nimeona simu zako. Umekwenda kwa dada kufanya nini?"

Naona ameshaambiwa. Nimeandika jibu mara nne nikafuta. La tano hili hapa, nalituma kabla sijalala.